Mabenchi ya Mkahawani Yalikwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, kabla ya korona, mkahawa wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, ulikuwa na mabenchi manne ambayo wazee waliyakalia wakinywa kahawa chungu hadi usiku. Sasa mwenyewe anauza mahamri na mbaazi za kufungiwa, na kahawa ni ya vikombe vya karatasi. Mabenchi hayaonekani. Je, huu si ubahili?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, mimi nisingemwita bahili kabla ya kupiga hesabu naye. Machi 2020 serikali iliamuru mikahawa nchini Kenya iuze chakula cha kubeba tu, na tarehe 27 ya mwezi huo ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Nawe wajua kwamba muuza kahawa hupata riziki yake watu wakishatoka kusali Isha. Mwishoni mwa Aprili mikahawa iliruhusiwa tena kukalisha wateja, lakini wafanyakazi wapimwe kwanza, mlango ufungwe saa kumi jioni, na katika kila mita kumi za mraba wasizidi watu wanne. Chumba cha mita ishirini kilikuwa cha watu wanane, na wazee wanane wa baraza, kila mmoja na kikombe chake kimoja cha saa nzima, hawalipi kodi ya nyumba.

Kisha likaja lililowahusu ninyi hasa. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ulifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, watu wasiingie wala kutoka, na mikahawa ikafungwa kabisa kwa takriban mwezi mzima, katikati ya Ramadhani, msimu ambao muuza vyakula hutegemea mauzo ya futari kufidia miezi mibovu. Nafuu ya kodi ya ongezeko la thamani, iliyoshushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, ilikuwa ya wenye biashara zilizosajiliwa kwa kodi hiyo, kama hoteli kubwa. Mwenye dele moja la kahawa haikumfaa kitu.

Kuna na suala la vifinjani. Zamani kifinjani kilisuuzwa katika ndoo ya maji na kupewa mteja wa pili, na hakuna aliyeuliza. Baada ya korona watu waliuliza, na kikombe cha karatasi, ambacho mimi binafsi naona kinaharibu ladha ya kahawa, kikawa ndicho kinachoaminika. Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, wateja vijana walikuwa wamekwisha kuzoea kupitia dirishani na kwenda zao.

Hata hivyo, nadhani mwenye mkahawa amesahau kwamba aliyeketi ndiye aliyeagiza kikombe cha pili na kipande cha halua. Nenda kwake na wazee watatu au wanne baada ya Isha, mumwombe arudishe benchi moja tu, nje, ukutani, na mumwahidi kwamba hamtaketi na kikombe kimoja.