Mkuu, usianze hiyo ratiba Jumatatu

Usianze Jumatatu. Mambo ya vitabu nitayafikia, lakini hilo kwanza.

Umeuliza kati ya mafaili zaidi ya arobaini ya vitabu vya yoga na tafakuri uliyonayo kwenye simu kipi kitangulie, kama kuna chochote cha Kiswahili kuhusu roho na fahamu, kama sayansi inakubaliana na mafundisho haya, na mtu anajuaje kwamba anapiga hatua. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukagusia kwamba "mwalimu" wa kundi la Telegram amekupangia ratiba: kuamka saa nane usiku, kubana pumzi kwa hesabu inayopanda kila wiki, chakula mara moja kwa siku, usingizi usizidi saa tatu, na mkeo asijue kwa sababu "nguvu zitavuja". Mkuu, ratiba hiyo naijua. Mimi nilipewa inayofanana nayo, kwa ada, na mtu mwingine wa aina hiyo hiyo.

Faili la kwanza alilonitumia lilikuwa kurasa za Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha India cha karne ya 15 kilichoandikwa na Svatmarama. Zilikuwa kurasa za mazoezi ya pumzi peke yake, hazina mwanzo wala mwisho. Nikazifuata kwa bidii kuliko nilivyowahi kufuata kitu maishani. Na mwanzoni ni kutamu, nisikudanganye. Mwili unakuwa mwepesi, joto linapanda mgongoni, nikisimama kuswali machozi yanatoka yenyewe. Ndiyo maana mtu haachi.

Kisha usingizi ukakimbia. Nilipotaka kulala sikuweza tena. Nikamwandikia, akajibu kwamba usingizi ni wa watu ambao hawajaamka, mwili wangu umeanza kufunguka, niongeze hesabu ya pumzi. Nikaongeza. Moyo ukawa unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Nikaanza kusikia watangazaji wa redio wakisema na mimi binafsi. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, kazi ya makaratasi ambayo tarakimu moja ikikosewa mtu analia. Nikasaini nyaraka za mteja bila kuzisoma, nikiwa na hakika kwamba namba sahihi "zimenijia". Mzigo ukakwama, gharama za kuhifadhi zikapanda kila siku, na kazi yangu ikaisha hapo.

Akaja na "sadaka ya ngazi ya pili". Mali ni kamba, akasema, ikate. Tulikuwa na kiwanja Chanika, mimi na mke wangu tulikinunua kwa kudunduliza miaka. Nikakiuza kwa bei ya kutupa, na sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwake. Mke wangu aliambiwa na jirani wa huko huko Chanika, aliyemuuliza mbona mmehama kabla ya kujenga. Kiwanja naweza kununua kingine Mungu akijalia. Lakini binti yangu wa darasa la pili alikuwa anakataa kulala chumba kinachopakana na changu, kwa sababu usiku baba anaongea na ukuta. Hilo sijui linalipwa kwa nini.

Kaka yangu ndiye aliyenipeleka hospitali, karibu kwa nguvu. Daktari wa afya ya akili hakuniuliza dini yangu wala nilichosoma. Swali lake la kwanza: "Unalala saa ngapi?" La pili: kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua akili? Yupo, mjomba wangu, na nyumbani kila mtu anajua. Akanieleza kwamba kukosa usingizi mfululizo kunaweza kumrusha mtu kwenye hali ya kuchangamka kupita kiasi na kuona yasiyokuwepo, hasa mwenye damu hiyo katika ukoo. Yule "mwalimu" hakuwahi kuniuliza hata moja kati ya maswali hayo mawili. Kaka alipompigia simu alisema imani yangu ilikuwa dhaifu, akakata, akatubloku sote wawili. Mpaka leo yupo, anauza ngazi zake, na watu wanamwita baba. Hasira yangu kwake haijapoa na siombi radhi kwa hilo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniuma kuliko fedha. Nilipopata nafuu nikanunua kile kitabu kizima. Sura ya pili, ile ile ya pumzi, inaanza kwa kusema zoezi lifanywe na mtu mwenye kiasi katika chakula, kwa maelekezo ya mwalimu wake. Mbele kidogo inasema pumzi hufugwa polepole, kama simba, tembo au chui milia anavyofugwa. Ukiharakisha, inamuua mwenyewe. Sura ya kwanza inamkataza mwanafunzi kufunga na kuutesa mwili. Kwenye faili langu kurasa hizo hazikuwepo. Mtu alikaa akaziondoa onyo kwa onyo, akabakiza kinachouzika.

Na si kitabu hicho peke yake. Patanjali, mwandishi wa kale wa India ambaye sutra zake, yaani kauli zake fupi fupi za mafundisho, ni 195 au 196 kutegemea chapa, anataja viungo vinane vya yoga, na pumzi ni cha nne. Kabla yake kuna kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, usafi, kuridhika. The Cloud of Unknowing, kitabu cha Kikristo cha Uingereza cha karne ya 14, kinafungua kwa kumsihi msomaji asimpe mtu yeyote tu, na anayekisoma akisome chote, kwa sababu sehemu moja bila nyingine itampoteza. Teresa wa Avila, mtawa Mkatoliki wa Hispania aliyeandika kuhusu kasri la ndani la roho mwaka 1577, alisisitiza watu wawe na muungamishi mwenye elimu. Huku kwetu usiseme. Bibi yangu alikuwa mtu wa dhikri Bagamoyo, mfuasi wa tariqa ya Qadiriyya, na uradi haukuchukuliwa kitabuni. Ulipewa na sheikh kwa idhini, sheikh anayekujua wewe, baba yako na hasira zako. Nilikulia karibu na jambo hilo, nikaenda kulinunua kwa mtu ambaye sijawahi kumwona uso.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ukinibishia katika mengine yote, hii ishike: kusoma soma chochote, lakini soma kitabu kizima tangu dibaji, na zoezi lolote la pumzi, la kufunga au la kukesha usiliguse mpaka kuna mtu anayekuona kwa macho kila wiki na nyumbani kwako wanajua unachofanya. Usingizi ukipungua, unaacha siku hiyo hiyo. Huombi ushauri kwenye kundi, unaacha. Na kama unatumia dawa yoyote ya hospitali, usiiache kwa sababu ya mtu wa Telegram.

Wapo watakaokuja hapa kusema haya ni ya wachache wenye akili dhaifu. Hakuin, mwalimu mkubwa wa Zen, tawi la Ubuddha, huko Japani, aliugua kwa kutafakari kupita kiasi akiwa kijana, na mwaka 1757 akatoa maandishi ya jinsi alivyojitibu ili wengine wasiangamie. Gopi Krishna, mtumishi wa serikali kutoka Kashmir, alitafakari alfajiri kwa miaka mingi bila mwalimu. Desemba 1937 kitu kikapasuka ndani yake, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kukosa usingizi, kushindwa kula na hofu ya wazimu. Alitafuta mtu wa kumwongoza, hakumpata. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu matatizo yanayowapata watafakari wa Kibuddha wa nchi za Magharibi, na waliohojiwa ni pamoja na walimu wenyewe. Usingizi umo, hofu imo, kuona mambo kumo.

Vitabu, basi. Kitabu cha Gopi Krishna kuhusu kundalini, nguvu inayosemwa kulala chini ya uti wa mgongo, kilichotoka 1967, kisome kabla ya chochote kinachokuahidi nguvu. Hadai kwamba njia ilikuwa rahisi. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, The Varieties of Religious Experience, mihadhara ya Edinburgh iliyochapishwa 1902: ni kitabu kirefu, ruka unapochoka, lakini anawasikiliza watu waliopata mambo haya bila kuwacheka na bila kuwauzia kitu. Ghazali, simulizi lake la kuokoka na upotevu: profesa mkubwa wa Baghdad anayeacha kiti chake mwaka 1095, baada ya kuvisoma vitabu vya masufi na kukiri kwamba kilichobaki hakipatikani kwa kusoma. Ni kitabu kifupi, unakimaliza kwa siku chache.

Kwa Kiswahili anza na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ya mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, sasa popo na ndege wamo. Tafuta chapa yenye maelezo, lugha yake ni ya kaskazini na ya zamani. Hakuna zoezi hata moja ndani yake, na nilipokuwa natoka hospitali ndicho kitu pekee nilichoweza kusoma bila moyo kwenda mbio.

Nitumie faragha lile faili la kwanza alilokupa. Kama ni kitabu ninachokijua, nitakuonyesha kurasa zilizokatwa.