Shokapu za mashine ya mazoezi: maswali yenu

Stepa yangu, ile mashine ya kukanyaga kama unapanda ngazi, huwa nzito nikianza, lakini baada ya robo saa hulegea kabisa. Kesho yake iko sawa tena. Imekufa?

Bado, imepata joto tu. Shokapu yake ni silinda; ndani mna mafuta, na pistoni yenye vitundu vidogo. Ule uzito unaousikia mguuni ni mafuta yakilazimishwa kupenya vitundu hivyo, na nguvu unazotumia hugeuka joto. Mafuta yakishapata joto huwa mepesi, hupita bila ubishi. Ndiyo maana vijitabu vya stepa ndogo mara nyingi huagiza mashine ipumzishwe, agizo ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Ukiikaza mwendo hivyo kila siku, joto hukakamaza sili, yaani mpira unaozuia mafuta pale fimbo ya pistoni inapoingia na kutoka. Uchakavu wa kweli huanzia hapo.

Mashine yangu ya kupiga makasia inadondosha mafuta. Niyaongeze?

Sili imeshakatika. Ifute fimbo uipapase: ukikuta mkwaruzo au kutu, mkataji umempata, na mara nyingi chanzo ni jasho lililoachwa likaukie pale, au vumbi. Silinda nyingi za mashine za nyumbani hufungwa moja kwa moja kiwandani, hazina pa kujazia. Badilisha zote mbili kwa pamoja, la sivyo mkono mmoja utavuta kizito na mwingine chepesi. Grisi kwenye fimbo haisaidii. Inakusanya vumbi zaidi.

Mbona shokapu ya kulia ya stepa huisha kwanza?

Huenda mguu huo ndio unaoukanyagia zaidi. Kagua pia bushi, yaani vipete vya maungio, za ncha zote mbili za shokapu: zikilegea, fimbo huenda upande na kuila sili.

Mashine ya kukimbilia haina mafuta, mbona imekuwa ngumu magotini?

Shokapu zake ni vipande vya mpira chini ya ubao. Ukikimbia, kila hatua hutua kwa nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Mpira hubonyea mpaka hausimami tena. Hata usipotumika, hukakamaa kwa umri. Fungua skrubu, weka vipya. Ila ile shokapu inayosaidia kuikunja mashine ina gesi yenye shinikizo kubwa: ikichoka ng'oa nzima, usiitoboe wala kuipasha moto.