Jibu: Wahadhiri wa lugha na utafiti

Ndugu, umeuliza kama wahadhiri wa lugha huku Iringa na Mbeya hawapendi utafiti. Wengi wanaupenda, muda ndio hawana. Mtu anafundisha stadi za mawasiliano kwa kozi kadhaa, darasa limefurika, na insha zinamsubiri kusahihishwa. Matokeo yake makala huandikwa pale tu cheo kinapotafutwa. Hilo linaniuma, maana data iko mlangoni: Kihehe, Kisafwa, Kinyakyusa, hata Kiswahili cha soko la Mwanjelwa jijini Mbeya.

Kama nawe unafundisha, anza na makosa ya insha za wanafunzi wako, kwa ridhaa yao. Hayahitaji nauli wala ruzuku. Makala ikiiva, ipeleke Mulika au Kiswahili, majarida ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.