Kampuni ya lori iko Kanada, mzigo unaenda Marekani: karatasi nilizopitia mwenyewe

Juzi nimepata meseji ya ndugu mmoja yuko Winnipeg, Mkongo wa Uvira, anasema ameshafungua kampuni ya usafirishaji, lori moja keshalilipia advansi, na sasa anataka livuke kwenda Marekani. Anauliza: "Kaka, nasikia wewe umemaliza kila kitu, nianzie wapi? Na je nikinunua MC ya mtu si nitaokoa muda?" MC ni kile kibali cha Marekani cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Nilimtumia voice ndefu ya WhatsApp ila nikaona bora niandike kabisa, maana swali hili naletewa kila mara, na pia mwezi uliopita kampuni yetu imepita ule ukaguzi wa usalama wa kampuni mpya wa FMCSA, wale wasimamizi wa malori wa serikali ya Marekani, na nimefurahi sana, wala sifichi.

Naanza na swali lake la mwisho. MC ya mtu usinunue.

Mimi hapa Ontario nimeendesha malori ya watu miaka mingi, barabara ya 401 naijua usiku na mchana, Ambassador Bridge pale Windsor nimevuka mpaka basi. Nilipopata uraia nikasema sasa nifungue ya kwangu. Tulikuwa wawili kwenye mpango, mimi na rafiki yangu tuliyekua naye Tanga, tumekula ugali sahani moja. Yeye akapata mtu anauza kampuni ya Marekani na namba zake zote, MC na USDOT, ile namba ya kumtambulisha mwenye malori huko, ina miaka kadhaa, akasema tuchukue hii wiki ijayo tunapakia. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, mabroka wengi wa mizigo hawakupi kazi kama kibali chako hakijafikisha miezi sita au mwaka, hilo litakukuta tu. Lakini mimi nikauliza, hiyo namba imefanya nini hiyo miaka yote? Hakuna aliyenijibu. Nikakataa, akaandika kwenye grupu mbele ya watu wote kwamba mimi mwoga, nitazeeka kwenye usukani wa mtu. Yale maneno yaliniuma na mpaka leo yananiuma, kwa sababu yalitoka kwake.

Akainunua peke yake. Kumbe rekodi inafuata namba ya USDOT, haiangalii nani kanunua lini, na mtu yeyote akiingia kwenye tovuti ya FMCSA akaandika ile namba anaona lori lilikaguliwa mara ngapi na mara ngapi lilisimamishwa barabarani. Ile namba ilikuwa na malori ambayo yeye hajawahi kuyaona kwa macho, breki mbovu, madereva waliopitiliza masaa. Alipoenda kuomba bei ya bima kampuni za bima nazo zikasoma hayohayo, bei iliyotoka hailipiki. Sisemi haya kumcheka, nilimpigia kumpa pole. Nasema ili wewe wa Winnipeg usije ukanunua madhambi ya mtu usiyemjua.

Sasa nianzie wapi. Anzia nyumbani. Kabla Mmarekani hajakuuliza kitu, mkoa wako lazima ukutambue kama mwenye malori, huku Ontario tunaita CVOR, kwenu Manitoba ni cheti cha usalama cha msafirishaji, kinaitwa Safety Fitness Certificate. Watu wanaruka hapa halafu wanashangaa bima inawagomea.

Ukishakuwa na hicho ndo unaingia kuomba USDOT namba, hiyo haina malipo, na kama unabeba mizigo ya watu kwa malipo unaomba na kibali cha MC, dola 300 za Marekani na hazirudi hata wakikukatalia. Sisi wa Kanada hatuna mlango wa pembeni, tunapita njia ileile ya kampuni ya Mmarekani, wenye fomu zao tofauti ni wa Mexico. Ombi lako linatangazwa, kuna siku 10 za mtu kuweka pingamizi, na MC inabaki imelala mpaka vitu viwili viingie: bima, na fomu ya BOC-3 ambayo inawataja mawakala wa kupokea barua za mahakama kwa niaba yako kwenye majimbo unayopita. BOC-3 ni rahisi, zipo kampuni zina mawakala nchi nzima, unalipa kidogo wanaituma wenyewe.

Halafu ngoja nikuonye, siku ombi lako linaonekana hadharani simu yako haitapumzika. Watapiga, watatuma barua zina nembo kama ya serikali, lipa hiki leo la sivyo unafungiwa. Mimi walinipigia mpaka mke wangu akawa anashtuka, maana mtu anakupigia anataja jina la kampuni yako, namba zako, anwani, unaamini kabisa ni ofisa. Hao ni wauzaji wa huduma na wengine ni matapeli. Usilipe kitu kwenye simu. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya FMCSA uangalie kama kuna deni.

Bima ndo ilinitoa jasho. Sheria ya Marekani inataka dola 750,000 za kufidia watu wengine ukibeba mizigo ya kawaida, mizigo ya hatari ni zaidi, lakini hiyo ni ya kwenye karatasi, sokoni mabroka na wenye mizigo wanataka milioni 1, na juu yake bima ya mzigo wenyewe, mara nyingi 100,000. Na siyo kuwa na bima tu, kampuni ya bima ndo inatakiwa iwathibitishie FMCSA moja kwa moja. Nilikaa wiki nyingi nasubiri mtu wa kuipokea kampuni mpya yenye dereva mmoja. Wengine hawakujibu hata barua pepe. Niliumia, maana rekodi yangu ya udereva ilikuwa safi kabisa, halafu mtu anakuambia hatuandiki wapya. Aliyenikubali mwishowe alikubali kwa sababu nilimpelekea faili limejaa: rekodi ya udereva, barua ya mwajiri wangu wa zamani, ratiba ya matengenezo ya lori, njia nitakazopita na aina ya mzigo. Peleka faili, usipeleke maneno.

Lori lenyewe lina karatasi zake na hapa sitakuchosha. Pleti ya IRP inayogawa ada ya usajili kwa mikoa na majimbo unayopita. IFTA ya kodi ya mafuta, unaripoti kila miezi mitatu, maili ulizotembea kila jimbo na mafuta uliyonunua. UCR, usajili wa kila mwaka wa wenye malori wanaovuka majimbo. Na fomu 2290 ya kodi ya lori zito, lori kubwa la Mmarekani linalipa dola 550 kwa mwaka, la kwetu lenye pleti ya Kanada linalipa robo tatu yake, 412.50, na ile karatasi iliyogongwa muhuri inakaa kwenye lori maana boda wanaweza kuidai. Kwa 2290 unahitaji EIN, namba ya kodi ya huko, na kama huna namba ya Social Security huwezi kuiomba kwenye intaneti, ni kwa simu au faksi. Mimi nilipiga simu, nikasubiri sana hewani, ila yule mama aliyenihudumia alikuwa mpole nikatoka na namba palepale. Ukipitia Buffalo kumbuka New York nao wana kodi yao ya barabara na stika yake, wenzetu wengi wanapigwa faini hapo.

Boda nayo ina mambo yake. Unatakiwa uwe na SCAC, alama ya herufi inayotolewa na NMFTA, chama cha wasafirishaji wa Marekani, ndiyo inayokutambulisha kwenye ACE, mfumo wa forodha ya Marekani. Manifesti, yaani orodha ya mzigo, inatumwa kielektroniki saa moja kabla lori halijafika, na kurudi Kanada ni hivyohivyo, saa moja, kwa namba ya msafirishaji unayopewa na CBSA, forodha ya Kanada. Safari ya kwanza ya kampuni yangu nilivukia Sarnia, Blue Water Bridge, mzigo wa vipuri unaenda Michigan. Ofisa akaangalia skrini, akauliza dereva ni nani, kampuni ni ya nani. Nikajibu zote mbili ni mimi. Akasema endelea. Nilipovuka daraja nikampigia mama Tanga, huko ilikuwa usiku, akapiga vigelegele peke yake chumbani.

Sasa nisikilize vizuri kwenye dereva, hapa ndo ndugu zetu wanaumia na hakuna anayewaambia. Mimi nina pasi ya Kanada, navuka bila visa. Lakini kama dereva wako ana ukaaji wa kudumu tu, ile PR, na pasi yake ni ya Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, anahitaji visa ya B-1 ndo aingize lori Marekani. Wazee waliokuja zamani watakuambia wao walivuka na karatasi za ukaazi tu, ni kweli, wenye pasi za nchi za Jumuiya ya Madola walikuwa wameruhusiwa, ila mlango ule ulifungwa 2003. Na amri ya Juni 2025 ya rais wa Marekani iliweka vizuizi kwenye visa hizi kwa pasi ya Burundi, Somalia wakafungiwa kabisa, na Kongo iliyotajwa mle ni ya Brazzaville, siyo ya Kinshasa. Orodha hizo zinabadilika, kwa hiyo angalia pasi ya dereva kabla hujaangalia lori. Namjua kijana mmoja mwenye lori zuri lililokaa yadi miezi, analipa benki, dereva anasubiri tarehe ya ubalozi.

Hata visa ikiwepo, dereva wa kigeni anabeba mzigo wa kimataifa tu. Toronto kwenda Chicago sawa. Chicago kurudi Toronto sawa. Chicago kwenda Atlanta hapana, hiyo ni kazi ya Mmarekani, na dispacha, yule anayekugawia mizigo, atakubembeleza kwa hela nzuri, "unarudi mtupu bwana chukua hii". Usichukue. Dereva anaweza kunyang'anywa visa na maisha yake yakaharibika kwa ajili ya mzigo wa siku moja. Wewe mwenye kampuni unabeba dhamana ya familia ya mtu, uliyemwajiri ana watoto, hilo liogope kuliko faini.

Na Kiingereza. Tangu 25 Juni 2025 dereva asiyeweza kuongea na askari na kusoma alama kwa Kiingereza anasimamishwa palepale barabarani. Nyinyi Wakongo mliozoea Kifaransa mkakaa Quebec au Saint-Boniface, mjiandae, kaeni jioni na dereva wako mfanye mazoezi ya maswali ya mizani: unatoka wapi, umebeba nini, umeendesha masaa mangapi, hii taa ina nini.

Vilevile lazima awe kwenye mpango wa vipimo vya dawa za kulevya na pombe, na jina lake lipite kwenye Clearinghouse, daftari la serikali la vipimo lililoanza Januari 2020, kabla hajaugusa usukani. Hata kama dereva ni wewe mwenyewe, unajisajili na kampuni ya vipimo inayokuchanganya na wengine kwa bahati nasibu. Nawaambia hili kwa sababu kwenye ule ukaguzi, kukosa mpango wa vipimo ni kufeli moja kwa moja. Hawakuonei huruma.

Ukaguzi wenyewe unakuja ndani ya miezi 12 ya kwanza na wanakufuatilia miezi 18. Wangu ulifanyika kwa kupakia nyaraka mtandaoni. Walitaka faili la dereva, matokeo ya kipimo cha kabla ya kazi, uthibitisho wa bima, ukaguzi wa mwaka wa lori na trela, na rekodi za masaa kutoka kwenye ELD, kifaa cha ndani ya lori kinachorekodi masaa ya kuendesha. Hapo kwenye ELD angalia, kifaa kinachokubalika Marekani siyo lazima kikubalike Kanada, huku kinatakiwa kithibitishwe na maabara, na masaa yenyewe hayafanani, Marekani ni 11 ya kuendesha, Kanada 13. Mimi kila karatasi niliiweka kwenye folda siku ileile ilipoingia, kwa hiyo walipoomba nilituma jioni ileile. Barua ya kupita ilipokuja niliichapisha nikaibandika ukutani ofisini. Yule rafiki yangu aliiona picha, akaandika "hongera". Nikajibu "asante". Hatujaongea zaidi.

Vijana, acheni haraka. Naona watu wanakopa lori la bei mbaya kabla hawajui hata USDOT inaombwa wapi, benki haisubiri MC yako iamke, inakata tu kila mwezi. Lori ndo liwe la mwisho kabisa. Umeona bima imekukubali, dereva ana visa, ndo nenda kwa muuzaji.

Wewe wa Winnipeg, kwa kuwa advansi umeshalipa, ongea na muuzaji akuwekee lori wiki chache hata kama atakutoza kidogo, na leo hii peleka faili kwa mabroka wa bima wasiopungua watatu. Utakuwa unavukia Emerson kwenda Pembina, kwa hiyo New York usiihangaikie kwa sasa. Uliuliza pia uanze na lori moja au mawili: UCR ada ni ileile kwa moja na mawili, mwaka 2025 ilikuwa dola 46, ila bima inahesabu kila lori na kila dereva, kwa hiyo anza na moja, na pasi yako ukinitumia ni ya nchi gani nitakuambia kama unaweza kuliendesha mwenyewe au la.