Anza na fadhingi yenye waridi

Wanaotaka kuanza kukusanya sarafu za kale za Uingereza huniuliza wanunue nini kwanza, na wengi macho yao yako kwenye fedha na dhahabu. Mimi huwaelekeza kwenye fadhingi ndogo za shaba nyekundu za karne ya 17, hasa ile yenye waridi ya Mfalme Charles wa Kwanza.

Fadhingi ilikuwa robo ya peni. Ikitengenezwa kwa fedha ilikuwa ndogo mno kushikika, kwa hiyo wenye maduka walitoa vipande vyao vya madini ya risasi kama chenji. Mwaka 1613 Mfalme James wa Kwanza akampa Lord Harington kibali cha kutengeneza fadhingi za shaba. Hazikufika hata nusu gramu, na thamani ya shaba yenyewe ilikuwa chini sana ya robo peni. Faida hiyo wagushi nao waliiona, wakazimwaga za bandia sokoni. Ndiyo maana mwaka 1636 ikaja fadhingi yenye waridi, nene zaidi, ikiwa na kipande cha shaba ya njano kilichopachikwa ndani. Kitafute hicho kabla ya kutoa pesa. Igeuzegeuze sarafu kwenye mwanga wa pembeni mpaka ulione doa la njano.

Zile za awali zina taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana, na nyuma kinubi chenye taji. Kinubi kisikufanye udhani ni sarafu ya Ireland. Soma herufi: IACO ni James, CARO ni Charles. Chapa ikiwa imekaa upande usishtuke, kwani zilipigwa kwenye ukanda wa shaba kisha zikakatwa moja moja. Mimi huangalia kwanza kama jina la mfalme linasomeka.

Na tafadhali, usizisafishe! Baadhi ya zile ndogo za Harington zilipakwa bati, na mabaki yake ya kijivu ndiyo yanayozitambulisha. Nimewahi kushika moja iliyosuguliwa kwa ndimu na mwenyewe. Bati lote limekwenda, na inaniuma hadi leo.

Bunge lilisimamisha utengenezaji wa fadhingi hizi mwaka 1644. Za bandia za enzi hiyo bado zinauzwa, herufi zake mara nyingi zikiwa zimevurugika. Ukipewa kwa bei nafuu, nunua. Mimi huziweka sahani moja na zile halali, nikizilinganisha herufi kwa herufi.