Kwa mnaotaka kupiga dokumentari ya halua: someni hii kabla hamjaazima kamera

Haikosi. Kila mwaka ukifika msimu wa kuwasilisha mawazo ya filamu ya mwisho ya chuo, lipo kundi litakaloingia na halua. Likikosekana la halua, lipo la kashata, au la ubuyu wa Zanzibar. Nawaelewa. Vitu vitamu vinapendeza kwenye fremu, havigombani na mtu, na kula kuna uhakika. Mimi siku hizi kazi yangu ni kuhariri, na wadogo zangu huniletea diski zao, "kaka, tusaidie kidogo tu." Nafungua taimulaini nakuta yale yale: mzee kwenye kiti cha plastiki anahojiwa mpaka anasinzia, droni inazunguka juu ya mabati ya Mji Mkongwe, kisha halua hiyo, iko sahanini. Imefikaje sahanini, hakuna anayejua. Sasa naandika mara moja, nisiulizwe tena.

1. Halua si wazo. Halua ni chakula. Wazo ni mtu anayetaka kitu, na pana kinachomkwamisha. Mkisema mbele ya jopo kwamba "tunataka kuonyesha utamaduni wetu wa vitu vitamu", supavaiza ataitikia kwa kichwa kwa sababu makundi mengine yanasubiri mlangoni, nanyi mtadhani mmepita.

Tazameni kashata. Pale kijiweni, anayemimina kahawa na kusogeza sahani ya kashata karibu siku zote ni mwanamume. Aliyekuna nazi, akachemsha sukari, akatia iliki na kukata vile vipande, mara nyingi ni mwanamke aliyebaki nyumbani, na wanywaji hawamjui hata jina. Kati ya jiko lile na kijiwe kile kuna bei ya kipande, kuna mali kauli (chukua leo, lipa ukishauza), kuna siku kashata zinarudi zote hazikuuzwa na bado nazi ya kesho inatakiwa. Filamu iko hapo. Au fuateni sukari yenyewe. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika Tanzania, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji viwandani, yule anayeuza kipande kwa bei iliyozoeleka mtaa mzima alifanya nini? Alipandisha? Alikata vipande vidogo? Alifunga jiko? Mkimpata mtu mmoja wa kujibu hilo kwa vitendo, dakika zenu zimejaa.

Na nawaomba sana, msianze na Seyyid Said. Kila rasimu ina sauti nzito inayosimulia jinsi Sultani alivyohamishia makao yake kutoka Muscat kuja Unguja, chini yake picha za kale mlizozichukua intaneti bila ruhusa ya mtu. Uhusiano na Oman upo, tena wa damu. Mgeni wa Muscat hukaribishwa kwa halua na kahawa, na wa Unguja vivyo hivyo, na ziko familia zenye ndugu kote kuwili. Basi mtafuteni mwenye binamu huko, wabishane kwa simu halua ya nani ndiyo halua. Ubishi wao utaeleza historia yote, na hautahitaji muziki wa kinanda.

2. Ratiba ya chuo na ratiba ya halua hazijuani. Halua inapikwa mwaka mzima, lakini jiko linapamba moto kwa harusi, kwa Idi, kwa Maulidi ya Mfunguo Sita. Unguja harusi hurundikana kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, na miezi hiyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Ratiba mliyorithi kwa kaka zenu wa miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo, imeshachelewa kwa mwezi mzima. Angalieni mwandamo kwanza, semista baadaye.

Mkiangukia Ramadhani, msimwambie mpishi "onja kidogo, tupate shoti." Mnacheka, lakini nina klipu hiyo. Bibi wa watu alimtazama mwongozaji kwa upole kiasi kwamba mimi, niliyekuwa nahariri tu, niliona haya.

3. Nendeni kwanza bila kamera. Hapa mkae vizuri, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kwenye filamu yetu mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Nilikuwa nimeshanunua kofia. Mpishi tulimpata Unguja kupitia shangazi wa mwenzetu mmoja, tukaongea naye kwa simu mara moja, akasema karibuni. Sikwenda kumwona. Ratiba niliichora kutokana na video za mapishi za YouTube: asubuhi mahojiano, mchana kupika, jioni kula na kuaga. Niliipaka rangi tatu tofauti na supavaiza akaisifu.

Tunafika, moto umeshawaka, sufuria kubwa la shaba liko juu, na halua ile ni oda ya harusi. Mzee akatuambia, "Fanyeni yenu, sisi tunafanya yetu." Katika mafunzo yote ya uongozaji wa filamu niliyopata, hayo ndiyo yalikuwa bora kuliko yote, nami sikuyasikia. Nilikuwa natafuta tundu la umeme. Tukihangaika na tripodi, wanga uliokorogwa kwa maji ukamiminwa kwenye sukari iliyochemka. Tuliukosa. Nikamwuliza Mzee kama anaweza kumimina tena. Alinitazama, akacheka, akadhani ni mzaha wa watu wa Dar.

Halua, kwa wasiojua (na nyote mnajifanya mnajua), haiachwi. Wanga ukipata moto unanyonya maji, unavimba, unakaza. Kuanzia hapo mwiko hausimami. Vijana wanapokezana, samli inatiwa kidogo kidogo, na kazi inakwenda kwa saa kadhaa. Ukiacha, kilichoko chini kinashika, na shaba haina subira, inapitisha moto upesi. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua kwamba kivuli cha kijana aliyeshika mwiko kinaangukia sufuria na kuniharibia shoti.

Mzee alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri. Nikapaza sauti: "Kata!"

Kijana yule hakuwahi kupigwa filamu maishani mwake, na alikuwa na adabu zake. Akasimama. Nikamwambia abaki hivyo hivyo, asiondoe mkono, tuhamishe taa. Mwenzake akanitazama kama anayetaka kusema neno, lakini mimi ni mgeni, nina kofia, nina barua yenye muhuri wa chuo. Akanyamaza. Taa ikahamishwa, waya haukufika, tukatafuta nyongeza. Harufu ilipoanza nilidhani ni kuni.

Mzee aliijua tangu mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuchukua mwiko mwenyewe, akakwangua chini, vikaelea vipande vyeusi kwenye halua ya watu. Akasema, "Hii haiendi harusini." Kisha akauliza nani aliyesimamisha. Kijana akainamisha kichwa. Hakuninyooshea kidole. Nami, wadogo zangu, nilinyamaza. Nilisimama pale nimeshika kipaza sauti, nikamwacha asemwe mbele ya wenzake kwa kosa langu, kwa sababu nilikuwa nafikiria kama tutaruhusiwa kuendelea kupiga.

Kuchoma oda ya harusi kulinigharimu pesa. Kunyamaza kule ndiko kunakonirudia ninapoona mtu anasema "kata" karibu na jiko. Nilikwenda kumwambia Mzee ukweli usiku, baada ya wenzangu kunisusa chakula. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikamwombe radhi kijana kwanza, kisha niende dukani nikanunue sukari. Sukari, na samli, na lozi, na zafarani. Kama hamjawahi kununua zafarani kwa bumu, hamjajua maana ya mkopo wa elimu ya juu.

Sufuria la pili walilipika usiku ule ule ili harusi isikose. Niliomba kupiga. Mzee akasema usiku huo si wa picha. Nikakaa kwenye kibao nikatazama kwa macho tu, na ndipo nikaona kitu ambacho rangi zangu tatu hazikuwa na nafasi yake: halua inageuka. Ule uji mzito mweupe unaanza kupoteza weupe, unakuwa wazi, unang'aa, kisha baadaye sana unaachia sufuria, unazunguka na mwiko kama mwili mmoja, na samli inachuruzika pembeni. Vijana waliacha mazungumzo ilipofika hapo. Ndiyo kilele cha filamu, kipo kila siku, na mimi sikujua kama kipo. Mtahini wa nje aliuliza swali moja tu: "Mbona hatuoni ikiiva?" Tulipata C. Ilikuwa C ya huruma.

Kwa hiyo: nendeni mikono mitupu, kaeni upishi mzima kuanzia moto hadi kufungasha, mkiwa na daftari na saa. Andikeni kila hatua inaanza lini na mpishi anasimama wapi. Siku ya kupiga, kamera moja iwe ya sufuria na isiguswe na mtu, nyingine izunguke. Na kwenye jiko neno "kata" ni marufuku. Kubalianeni ishara ya mkono, tena iwe ya watu wa kamera peke yao.

4. Kashata ndiyo mbaya zaidi. Ikishamiminwa kwenye sinia inakaza haraka, ukichelewa kuikata inavunjika ovyo, kwa hiyo fokasi iwe tayari kabla sufuria halijainuliwa.

5. Barua ya chuo si kibali. Unguja na Pemba nendeni BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, Bara nendeni Bodi ya Filamu, na droni ina vibali vyake peke yake kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Au iacheni droni. Sijawahi kuona halua kutoka angani.

6. Sauti na picha, kwa haraka. Umeme wetu ni wa hezi 50, basi fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za dukani zitacheza. Mizania ya rangi muifunge wenyewe, maana ikiachwa ijichagulie, moto wa kuni utageuza kila halua kuwa ya rangi ya machungwa. Lenzi ikitoka kwenye kiyoyozi ikaingia kwenye mvuke inalia machozi. Iacheni izoee joto kwanza. Rekodini ukimya wa jiko kwa dakika moja kabla ya kuondoka. Maiki ya shati isikae karibu na mkono unaokoroga. Nakala mbili kabla ya kuformati kadi, na mbili maana yake diski mbili, si folda mbili kwenye laptopu moja. Ndiyo, nakusema wewe.

7. Si kila mpishi anataka uso wake uonekane. Wanawake wengi wanaopika visheti na kashata nyumbani watakwambia mikono tu. Makundi mengi huanza kubembeleza hapo, na kubembeleza kwenyewe ni kama kuomba deni. Acheni. Mikono inatosha: inajua kukuna, kupima iliki bila kijiko, kusikia sukari imefika wapi kwa kuivuta kati ya vidole. Sauti mrekodi peke yake, jioni, kazi zimekwisha, watoto wamelala; watu husema mengi wasipotazamwa na lenzi. Nimehariri filamu nzima ya kanga, vidole na sauti, na mpaka leo nikikutana na walioiona wananiuliza yule mama anaendeleaje, kana kwamba wamemwona.

Ulizeni pia kabla ya siku yenyewe: nini hatupigi? Kila jiko lina kipimo chake ambacho hakitoki nje ya familia. Ukiambiwa hapo zima, zima kweli, ile taa nyekundu ionekane imezimika. Na siku ya kuondoka nunueni bidhaa kwa bei kamili. Mtu amewapa siku yake nzima, mnamwomba apunguze mia tano?

8. Bajeti. Wekeni pesa ya viungo vya upishi mmoja wa ziada, hata kama hamtakuwa wajinga kama mimi. Chakula cha kundi kiwe cha chumvi. Mkila halua mchana kutwa, ikifika alasiri mshika kamera anatetemeka na msauti amelala na hedifoni zake.

Na visheti vya shoti ya pili msile. Kuna filamu moja ya mwaka juzi ambamo sinia linajaa, linapungua, linajaa tena, na mhojiwa anaendelea na sentensi ile ile. Nilipouliza, msauti alisema alidhani wameshamaliza. Kila mtu hudhani wameshamaliza. Sinia la kamera liwekeni kwa mtu anayefunga, au mwenye kisukari, au mlifunge kitambaa mwandike "la kazi".

9. Tripodi za idara zirudisheni zimefutwa. Sukari ikishakauka kwenye maungio mguu haupandi wala haushuki, na begi linaingia sisimizi; mwezi uliopita nilifungua moja kwenye harusi ya mteja, mbele ya mama wa bwana harusi. Kitambaa na maji ya moto, usiku ule ule, kabla hamjalala.