Mashine Imepona, Lakini Umejua Kilichoiua?

Mwaka wangu wa nne kwenye ufundi wa mashine za mitumbwi, hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nilikaribia kuacha kazi. Sikuwa na njaa wala deni kubwa. Nilichoka tu. Kila asubuhi nafungua boksi la spana moyo mzito, nasafisha plagi, nafungua kabureta, navuta kamba, mashine inawaka, napewa hela yangu, kesho tena hivyo hivyo. Nilidhani nimeshaijua kazi yote, kumbe nilikuwa nimejua kuiwasha mashine tu.

Tajiri mmoja wa mtumbwi wa dagaa aliniletea mashine inayochemka. Nikafungua chini, nikakuta impela imekufa. Kwa asiyeijua, impela ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinakaa juu kidogo ya propela. Kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu yaipoze mashine. Ikiwa nzima, mashine inakojoa vizuri, yaani unaona mchirizi wa maji unaruka kwa nguvu. Huku kwetu impela hazidumu sana, maana mitumbwi inawashwa kwenye maji mafupi ya mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, na kuvuta mchanga, na magugu maji nayo yanaziba njia. Basi nikaweka mpya, nikaiwashia mashine kwenye pipa la maji, ikakojoa safi. Nikapokea hela. Ile ya zamani nikaitupa.

Usiku uleule mashine ikazima mbali na nchi kavu. Vijana walirudi kwa makasia, wakaingia mwaloni alfajiri viganja vimechubuka. Namshukuru Mungu ziwa lilikuwa limetulia. Yule tajiri hakunitukana. Aliishusha mashine mbele yangu akasema, "Fundi, usiku mmoja wa giza umekwenda."

Anayeishi kwa dagaa anajua uzito wa maneno hayo. Dagaa wanafuata mwanga wa taa, na taa ina nguvu kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mbalamwezi inazifunika taa, mitumbwi inalala mchangani. Usiku wa kazi kwa mwezi unahesabika, na ukipotea huwezi kuufidia mchana.

Nikambebea mashine ile mzee mmoja aliyekuwa fundi tangu mimi sijazaliwa. Shikamoo, marahaba, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ile impela uliyoitoa ilikuwa na mabawa mangapi?"

Sikuwa na jibu.

Akafungua njia ya maji, akaingiza waya mwembamba uliopinda ncha, akavuta taratibu. Kikatoka kipande cha mpira mweusi, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Lilikuwa bawa lililokatika kwenye impela ya zamani. Lilibaki ndani, kwenye pipa likatulia, kwenye safari ndefu likasogea na kuziba maji. "Mwanangu," akasema, "impela ikikosa bawa, hufungi mashine mpaka ulipate lile bawa."

Tangu siku hiyo ninayo sheria moja, na ndiyo ninayotaka uichukue: kitu kikipona bila wewe kujua kwa nini, kihesabu bado ni kibovu. Nikanunua daftari la kawaida la shule. Kila mashine naiandikia mambo matatu: dalili niliyoletewa, nilichodhani kabla sijafungua, na nilichokikuta. Hilo la katikati ndilo gumu, kwa sababu linakuonyesha mara ngapi ulikosea. Miezi ya kwanza nilikosea sana. Mashine ikizima nilikuwa nakimbilia kulaumu plagi, na daftari likanionyesha kwamba mara nyingi plagi ilikuwa imechafuka tu kwa sababu watu wanachanganya oili na petroli kwa kukadiria kwa macho. Oili ikizidi, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Ikipungua, pistoni inakwaruzika, na hapo unaongelea hela nyingine kabisa. Siku hizi mteja wa namna hiyo namkabidhi plagi safi pamoja na chupa niliyoichora mstari wa kipimo. Harudi na tatizo lile.

Na ile hamasa niliyokuwa naisubiri kila asubuhi ilikuja yenyewe, ikiwa imechelewa. Nilianza kuwahi kazini kwa sababu kuna swali nililoliacha limelala pale. Ndiyo maana watu wakiniambia siri ya mafanikio ni kuamka saa kumi usiku, siwabishii, ila nawaonyesha wavuvi. Wao saa hizo wako macho maisha yao yote, na baadhi yao nyavu zao zinachanika sehemu ileile kila mwezi. Kuamka peke yake hakutoshi.

Sheria hii haiishii kwenye spana. Mama watoto wangu anauza dagaa soko la Mwaloni. Kuna kipindi mnunuzi wake wa mzigo mkubwa alianza kumpunguzia bei, naye akawa anaziba pengo kwa kuongeza ujazo. Biashara ikaendelea, kwa hiyo ilionekana imepona. Jioni moja tulimwaga kilo moja kwenye sinia jeupe, tukachambua punje kwa punje. Chini ya sinia ukabaki mchanga. Dagaa wake walikuwa wanaanikwa chini, na wa chini mvua ikiwagusa wanabadilika rangi, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Akahamia kwa waanikaji wa kwenye vichanja. Bei ya kununua ilipanda, ndiyo, na miezi miwili ya kwanza faida ilikuwa nyembamba. Lakini yule mnunuzi alirudisha bei bila kubembelezwa.

Sikufichi, njia hii ina gharama. Utakuwa mzito kuliko wenzako mwanzoni. Wateja watanung'unika, wengine watahamia kwa fundi wa jirani anayemaliza kwa nusu saa. Mimi nililipunguza hilo kwa kutumia siku za mbalamwezi. Wenzangu wakienda kupumzika, nafungua mashine mfu nilizonunua kama chuma chakavu, naziunganisha upya bila haraka ya mtu. Kama kazi yako ni ya ofisini au ya dukani, nawe unazo siku zako za mbalamwezi, zile ambazo wateja hawaji na bosi hayupo. Zitafute kwenye kalenda yako. Na mtafute mtu mmoja anayekuzidi, umpelekee kazi yako iliyoharibika, usimpelekee iliyonyooka. Inauma, hasa ukiwa na umri wa kuitwa baba fulani. Mpelekee hivyo hivyo.

Wiki hii nina mashine ya tajiri mmoja wa Igombe, inazima kila ikifika mwendo mkubwa. Nimebadilisha chujio la petroli, leo asubuhi imekwenda vizuri kwenye pipa kwa saa nzima. Mwenyewe amepiga simu mara tatu, giza linaanza Ijumaa. Nimemwomba anipe siku moja zaidi, kwa sababu lile chujio la zamani nimelipasua na ndani ni safi.